Padri Atoke Nyumba ya Nani

Juni ikiingia na mvua zake, kijiji cha Plathottam hakina kazi ya asubuhi. Miti ya mpira haigemwi mvuani. Maji yangejaza vikombe na utomvu wote ungepotea. Kwa hiyo wanaume waliozoea kuamka gizani na visu vyao vya kugemea hujikuta saa mbili asubuhi hawana pa kupeleka mikono, na miguu inawapeleka yenyewe kwa Rosamma, pale njia panda, mkabala na kanisa. Kibanda ni cha bati, kina jiko la kuni, kabati la vioo la vitafunwa, na nyuma yake zizi la ng'ombe mmoja. Mbele kuna benchi refu lililong'arishwa na suruali na misuli ya miaka thelathini. Rosamma anauza kahawa nyeusi ya sukari guru na ndizi za kukaanga. Maneno hauzi, hayo wateja huja nayo wenyewe, na asubuhi ile walikuja nayo mengi, maana Jumapili iliyopita paroko alikuwa ametoa hotuba iliyowachoma.

Wenyewe walikuwa watatu, wakimsubiri wa nne. Chacko, dereva wa basi mstaafu, aliitwa Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Kora aliitwa Kanada. Aliwahi kukaa kwa binti yake huko miezi mitatu, na tangu arudi hakuna jambo asilolipima kwa Kanada. Mwalimu Devassy alifundisha hesabu maisha yake yote na hakuhitaji jina jingine. Wa nne alikuwa Avira, na waliomzoea walimwita Askofu. Kofia hakuwa nayo wala fimbo, lakini kila nyumba ya Plathottam ambayo haikupeleka mtoto seminari ilishapata mahubiri yake: kwenye harusi, kwenye misiba, hata kwenye foleni ya gesi.

Siku hiyo Askofu alichelewa. Alikunja mwavuli, akaketi mwisho wa benchi, pale bati linapovuja, akapokea glasi yake bila kumtazama Rosamma.

— Salama, Askofu? aliuliza Chacko.

— Salama.

— Hiyo salama ya mtu anayeumwa jino. Sogea huku, unalowa.

— Pananitosha hapa.

Chacko alimtazama kidogo, akaona hapati kitu, akarudi kwenye mazungumzo.

— Basi kama nilivyokuwa nasema. Mlimsikia paroko. Mwaka wa tatu huu parokia nzima haijatoa kijana hata mmoja wa upadri. Anasema enzi zake vijana walijaa mpaka waliochelewa walikula wamesimama. Sasa hivi mpishi wa seminari anajua kwa jina nani anapenda kichwa cha samaki. Na mimi nawaambieni sababu. Ni simu.

— Umeanza, alisema Rosamma.

— Nimemaliza. Zamani kijana akikaa peke yake alikuwa anakutana na Mungu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukutana naye. Leo akikaa peke yake ana watu mia nne mfukoni. Mungu apite wapi?

— Wewe simu huna?

— Ninayo. Ila mimi sikuitwa.

— Ungeitwa ungesikia saa ngapi, na unavyoongea?

Benchi lilicheka. Avira alitabasamu kwa mdomo tu. Kora alishusha glasi yake, akajifuta masharubu, na kila mmoja akajua tunakwenda Kanada.

— Mimi niwaambie nilichokiona. Karibu na kwa binti yangu kulikuwa na kanisa, la mawe, kubwa kuliko letu hili mara tatu. Wameliuza. Wameligeuza nyumba za kupanga. Pale palipokuwa altare, mtu anakaanga samaki.

— Uliingia?

— Nilipita nje. Harufu niliisikia.

— Hiyo kamba, alisema Chacko.

— Basi na hii pia ni kamba: padri anayewasalisha kina binti yangu ni mtoto wa hapa, wa ng'ambo ya bonde. Parokia tatu peke yake. Anaendesha gari kwenye theluji anakula mkate kwa mkono mmoja. Sisi ndio tulikuwa duka la jumla la mapadri, jamani. Ujerumani ikikosa, inakuja huku. Afrika, inakuja huku. Wameagiza, wameagiza, sasa ghala limebaki na panya. Ndiyo maana paroko analia.

Mwalimu Devassy alikuwa akisubiri zamu yake. Alichovya kidole kwenye kahawa iliyomwagika, akaandika mezani.

— Ghala halijaibwa. Hesabu ndiyo iliyobadilika. Baba yangu alizaa tisa. Tisa, toa mapadri wawili, toa sista mmoja, wanabaki sita wa kulima na kuoa. Familia haijahisi hata upepo. Mimi nilizaa wawili. Vijana wa leo wanazaa mmoja. Haya, moja toa moja?

Chacko aliinua kidole kimoja, akakikunja.

— Sifuri, alisema Mwalimu, akafuta meza kwa kiganja. Paroko anasimama pale anawaomba watu warudi nyumbani na sifuri.

Avira aliisikia ile sifuri ikimshukia kama maji baridi shingoni. Alisogea kidogo, akidhani ni bati. Haikuwa bati.

Jioni ya jana walikuwa watatu mezani, yeye, mkewe Thressia, na Tomin, mtoto wao wa pekee, aliyezaliwa walipokwisha kuacha kuulizana habari za mtoto. Walikula muhogo na samaki wa pilipili nyekundu. Tomin alikuwa amemaliza chuo, Kiingereza chake amefaulu, na Avira alishazoea kulala akiwaza uwanja wa ndege. Kijana akashusha mkono wake sahanini akasema: "Baba, Kanada siendi. Nataka kuomba kuingia seminari." Alisema hivyo, kwa sauti ile ile ambayo angeomba chumvi. Thressia hakushtuka, na hapo Avira akajua kwamba mkewe alijua kabla yake. Alitafuta neno. Neno alilolipata lilikuwa: "Kula kwanza." Kisha akala yeye, kimya, mpaka mwisho, na asubuhi akatoka bila kuaga.

Sasa kina Chacko walikuwa wamefika kwenye kuku.

— Kuku gani tena? aliuliza Rosamma, akigeuza ndizi kwenye mafuta.

— Hawa wa kisasa. Mnacheka, lakini fikirini. Kuku anachomwa sindano, kwa wiki sita ni mkubwa, anachinjwa. Kijana anamla kila Jumapili. Ukila kitu kilichoharakishwa, nawe unaharakishwa. Seminari ni miaka kumi. Ataivumilia wapi, wakati chakula chenyewe hakikuvumilia hata miezi miwili?

— Wajukuu wako wanakula nini?

— Kuku. Ndiyo maana najua.

— Si kuku, alisema Mwalimu, ambaye siku nyingine angekuwa mtu wa mwisho kuingia kwenye upuuzi. Ni mpira. Sikilizeni. Baba zetu walitutoa kitandani saa kumi usiku, mvulana wa miaka kumi na mbili anapita mti kwa mti na taa kichwani, baridi, peke yake, kimya. Alipofika seminari, kengele ya sala ya alfajiri ilimkuta macho. Kwake ile ilikuwa likizo. Bei ya mpira imeanguka, watoto wanalala mpaka saa tatu. Mti wa mpira ndio uliotuzalia mapadri, na sisi tunaukata tupande nanasi.

— Basi mimi nina dawa, alisema Kora. Huko kote mnahangaika bure, mapadri tunao hapa hapa. Hesabuni wanaume wa parokia hii wenye miaka thelathini na nane, arobaini, hawana wake. Mabinti wote ni wauguzi, wamekwenda kuolewa Ulaya. Nani atakuja kuolewa na mashamba? Sunny wa kilimani amekataliwa na nyumba ngapi? Mtu hana mke, hana mtoto, anaamka peke yake, anajipikia, anajifulia. Useja tunao, tena wa bure. Kilichobaki ni kanzu.

— Jimbo likodi basi, alidakia Chacko. Mimi nitaendesha. Tunapita nyumba kwa nyumba tunawapakia.

— Sunny akae mbele.

— Sunny akae mbele, ana uzoefu wa kukataliwa, atatufundisha unyenyekevu.

Walicheka mpaka Mwalimu akatoa leso. Kicheko kilipopungua wakamwona Avira ameinamia glasi yake, na kahawa imepoa na ukungu juu.

— Askofu, alisema Chacko, jimbo lako tunalichezea hivi na wewe kimya? Siku nyingine ungeshatutenga na sakramenti.

— Mwache, alisema Kora, na sauti yake ilikuwa na kijiwe ndani. Labda watu wa kuwasema wamemwishia. Mimi alishanimaliza. Mnakumbuka harusi ya mtoto wa Mwalimu. Sahani iko mkononi, watu wote wanasikia, ananiambia: "Kora, watatu wote umewapa Kanada, Mungu umemwachia makombo." Ile keki sikuila.

— Mambo ya zamani hayo, alisema Mwalimu.

— Ya zamani kwako. Keki ilikuwa yangu.

Avira aliinua macho. Alitaka kusema jambo kuhusu keki, na mdomo ukatoa jambo jingine.

— Tomin anataka kwenda.

— Si tunajua, alisema Kora, akalainika mara moja, maana hapo ndipo pa utaalamu wake. Visa imetoka? Mwambie abebe makoti ya huku, huko ni ghali…

— Seminari.

Mafuta yalichemka kwenye karai. Ndizi moja ilikuwa inaungua na Rosamma hakuigeuza. Chacko Redio aliweka mkono begani kwa Avira, akasema kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake:

— Pole sana, kaka.

Neno lilikaa pale katikati ya benchi. Chacko mwenyewe alilitazama kama mtu aliyeangusha kitu.

— Pole ya nini? aliuliza Rosamma. Kafa mtu?

— Nimeteleza. Nilitaka kusema hongera.

— Basi sema.

Chacko alimtazama Mwalimu, Mwalimu akatazama kanisa, lililokuwa likioga mvua ng'ambo ya barabara milango wazi na ndani hakuna mtu.

— Ni wa pekee, alisema Mwalimu taratibu. Kama wangekuwa wawili…

— Hata wangekuwa wawili, alisema Chacko. Sikiliza, Avira. Bado hajaandikishwa. Mwambie sukari imepanda, daktari amesema usibaki peke yako. Si uongo mkubwa. Sukari sote tunayo.

— Au umtafutie mchumba haraka, alisema Mwalimu. Wakati mwingine kijana hajaonyeshwa tu.

— Mpeleke kwa binti yangu akatembee, alisema Kora. Mwezi mmoja tu. Akiona yale maduka akili itarudi.

Walikuwa wanasema kwa moyo mweupe. Avira aliwasikiliza watu hawa ambao dakika kumi tu zilizopita walikuwa wanalia hakuna mapadri, akatambua kwamba hawakuwa wanamdhihaki. Walikuwa wamekuja kumhani. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba alitaka kuhaniwa.

— Nimesema na kila mtu, alisema. Nimewasema nyie. Jana ikaja mezani kwangu, nimeshindwa kumeza. Kora, yale maneno ya harusini hayakuwa maneno ya kumwambia mtu.

Kora alikuwa amesubiri hayo kwa muda mrefu, na pengine alikuwa amejiandalia jibu kali. Alisukuma sahani yake ya ndizi mpaka ikafika mbele ya Avira.

— Kula. Umekonda tangu uingie.

Rosamma alitoka nyuma ya jiko, akasimama mbele yao mikono kiunoni.

— Mimi sielewi. Avira, huyu mtoto si ulikuwa unampeleka Kanada? Nani angebaki kukuchemshia maji huko kwako? Ulikuwa unabaki wewe na Thressia vile vile. Seminari iko mwendo wa basi. Sikukuu atakuja.

— Kanada angeoa, alisema Avira.

— Ehe.

— Angezaa. Sisi mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la babu yake. Tomin ni jina la baba yangu, Thoma. Mimi ni wa babu yangu. Wa Tomin angeitwa Avira. Hata angezaliwa kwenye theluji, hata asingejua neno moja la kwetu, angeitwa Avira. Ni upumbavu. Mtu mzima nalilia jina.

Wenzake wote watatu walikuwa na wajukuu wenye majina yao huko mbali.

— Kaka yangu ni padri Ujerumani, alisema Rosamma. Mama alizaa wanane. Hao wengine walikuwa wanampigia simu sikukuu. Padri alipiga kila jioni, hata kama hana la kusema, amuulize tu amekula nini.

— Na mama alipofariki? aliuliza Chacko.

— Hakuwahi mazishi. Ilikuwa Juma Kuu, ana parokia nne, hakuna wa kumshikia. Rosamma alirudi jikoni akatoa ile ndizi iliyoungua. Sisemi ni rahisi. Nasema usimlilie kama marehemu.

Ndipo mlango wa zizi ulipofunguka nyuma, akaingia daktari wa mifugo, dada mmoja mdogo wa mwili, viatu vya mvua mpaka magotini. Sreeja alikuwa mgeni, amehamishiwa pale mwezi uliopita kutoka upande wa Palakkad, na alikuwa amekuja tangu mapema kumtibu ng'ombe wa Rosamma aliyevimba kiwele. Aliosha mikono kwenye ndoo, akawasalimu wazee kwa kuinamisha kichwa, na benchi likabanana apate nafasi. Hakuwa Mkristo. Dini ya watu wa njia panda aliijua kwa kengele tu, kwa sababu chumba alichopanga kiko chini ya mnara.

— Atapona, Mama. Umkamue mara nne kwa siku, na maziwa ya upande ule uyamwage. Alipokea kahawa kwa mikono miwili. Samahanini, wazee wangu. Nilikuwa pale nyuma, ukuta ni bati, nimesikia.

— Kila mtu husikia hapa, alisema Chacko. Ndiyo kazi ya hapa.

— Naomba niulize, maana mimi haya siyajui. Mnasema vijana wote wanakimbilia nje. Miaka yenyewe kumi, mke hakuna, anaweza kupelekwa popote. Huyu kijana anajua yote hayo, na Kanada alikuwa ameshaipata. Sasa yeye kwa nini anataka?

Mwalimu alichovya kidole kwenye kahawa, akakiacha hewani bila kuandika. Walikuwa na sababu kumi na tano za kwa nini vijana hawaendi, wangeweza kuongeza nyingine kumi kabla ya chakula cha mchana, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kunaweza kuwepo sababu ya mtu kwenda.

— Baba yake huyu hapa, alisema Kora mwishowe.

Wote wakamgeukia Avira.

— Alisemaje? aliuliza yule daktari, si kwa ukali, kama anavyouliza ng'ombe ameanza lini kukataa majani.

— Nilimwambia ale kwanza, alisema Avira.

Avira alisimama, akachukua mwavuli, akashuka barabarani. Nyuma yake Rosamma alimwambia Chacko anyamaze, ingawa Chacko alikuwa kimya.

Njiani Avira alitunga maneno. Kufika kwenye daraja alikuwa na hotuba nzima, yenye mwanzo na katikati, na kupanda kilima ikawa inamtoka kidogo kidogo pamoja na pumzi. Aliwakuta barazani, Thressia na Tomin, wameketi juu ya magazeti, fenesi kubwa limepasuliwa katikati yao. Tomin alikuwa anatoa nyama, Thressia anatenganisha kokwa. Harufu ilijaa nyumba. Avira alivua viatu, akajipaka mafuta ya nazi mikononi ili ule ulimbo usimnate, akaketi upande wa tatu, akaanza kuchambua naye. Hotuba ilikuwa imekwisha yote.

— Kwa nini unataka? aliuliza.

Tomin aliendelea kutoa nyama ya fenesi.

— Utacheka.

— Leo sina cheko.

— Si kwamba nilisikia sauti, Baba. Watu wanadhani unasikia sauti. Sikusikia kitu. Tangu Kwaresima nampeleka paroko kwa wagonjwa na pikipiki, si unajua. Tukaenda kwa mzee Ittoop, ile nyumba kubwa ya ghorofa karibu na machimbo. Watoto watano, wote Australia. Wamemwekea kamera sebuleni. Akianguka wanamwona kutoka kule. Siku hiyo paroko alimpa Komunyo, akamwombea, akafunga kitabu. Mzee akamshika mkono. Akamwambia, Padri, kaa kidogo, nile mbele yako. Hakutaka kingine. Kala peke yake, nadhani, mwaka mzima.

— Ikawaje?

— Paroko alikuwa na nyumba nyingine sita, na mazishi mchana. Akambandua vidole kimoja kimoja, polepole, tukaondoka. Tulipokuwa barabarani nikamsikia analia mgongoni kwangu. Padri. Alidhani upepo utaficha. Nikaendesha, sikugeuka. Nikawa nafikiri jambo moja tu: wangekuwa wawili, mmoja angebaki.

Thressia alikuwa ameacha kokwa. Mvua ilishuka kwenye majani ya mpira kama mtu anayemimina mchele.

— Ni hilo tu? alisema Avira.

— Ni hilo tu. Nimelisubiri liondoke, halijaondoka.

Avira alichambua kipande kimoja, akakitoa nyuzi zote, akakiweka. Akachukua kingine.

— Hakutakuwa na Avira mwingine, alisema.

— Najua, Baba. Hilo ndilo nililoliwaza muda mrefu kuliko yote. Nilijua hutalisema.

Baba mtu alitikisa kichwa mara kadhaa, kama anayekubaliana na mtu aliye mbali. Macho yalimwasha, na mikono ilikuwa na mafuta, hakuweza kuyafuta. Thressia alimfuta kwa pindo la nguo yake, kama anavyofutwa mtoto.

— Sijasema ndiyo, alisema Avira.

— Najua.

— Huyo Ittoop anakula nini?

— Uji wa mchele zaidi. Meno hana.

— Fenesi laini atalimudu. Mama Tomin, nipe bakuli.

Neno lenyewe la ndiyo alilitoa wiki mbili baadaye, kwenye kituo cha basi, katikati ya maagizo ya soksi na dawa ya mbu, hata Tomin nusura asilisikie. Lakini Thressia husema lilitoka siku ile ya fenesi, na yeye alikuwepo.

Baba na mwana walikwenda kwa Ittoop mchana ule ule wa fenesi, bakuli limefunikwa kwa jani la mgomba. Lango la Ittoop lilikuwa na kufuli, wakazunguka upande wa jikoni. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kamera, amevaa shati safi, vifungo mpaka shingoni. Hakumjua Avira, au alimjua akasahau, lakini fenesi alilijua. Alikula taratibu sana. Kila kipande alikigeuza kwanza kwenye mwanga, akakitia mdomoni, akakitafuna kwa fizi huku akisimulia habari za mfenesi wa kwao ambao ulikatwa kabla Avira hajazaliwa.

Saa ikapita. Tomin akatazama nje, maana alikuwa amemwahidi paroko pikipiki saa kumi, akamgusa baba yake begani. Mzee Ittoop aliona, mkono wake ukaacha bakuli ukaanza kutafuta mkono wa kushika.

— Wewe tangulia, Avira alimwambia mwanawe, akavuta kiti karibu. Mimi nitabaki mpaka amalize.